Mtoto wa Tobias

Tobias hajawahi kuwapo duniani. Nilimtunga mimi, nikiwa nimepiga magoti mchangani mbele ya baba yangu mzazi, na nilimpa jina la kwanza lililonijia mdomoni. Leo ukipita kijijini kwetu watakwambia Tobias alikuwa muuza mifagio, mrefu, ana mwanya, anachekea puani. Kuna mama mmoja anaapa kabisa kwamba alimpa maji ya kunywa. Mimi niliyemtunga sikumpa mwanya wala mifagio. Hayo wameniongezea wao, bure.

Mambo yalianza Paseka. Kwetu Paseka ni ya Julai, ndipo kanisa letu huhamia kambini ng'ambo ya mto Save, na watu huja kutoka kila upande, hata Msumbiji, mavazi meupe mpaka macho yanauma. Hatuvai viatu, hatunywi dawa, hatukanyagi kliniki; tukiumwa tunaombewa. Baridi ya Julai haina mchezo, kwa hiyo watoto hulala wamebanana mahemani. Mwaka ule, hema la jirani lilikuwa na mtoto anayekohoa, macho mekundu, kamasi zinamtiririka. Mama yake alisema ni mafua. Misheki wangu, ambaye alikuwa na miaka minne, alishinda naye wakisukuma gari la waya.

Tulikuwa tumesharudi nyumbani siku kadhaa Misheki alipopata homa. Yakafuata macho, kisha kikohozi, kisha vipele vikaanzia nyuma ya masikio, vikashuka usoni, vikaenda kifuani. Ilikuwa surua. Kwa lugha yetu tunaiita gwirikwiti, jina ambalo hata kulitamka linakwaruza koo, na nyumbani kwetu hakuna aliyelitamka. Walisema mtoto kapigwa na upepo.

Tuko wake wawili kwa mume mmoja, Josia, mfua ndoo za bati, ambaye huzipeleka mjini Mutare kuziuza na hukaa huko mpaka ziishe. Mke wa kwanza tunamwita Maiguru. Ndiye mkunga wa kanisa, na ana watoto wanne. Mimi ni wa pili, na niliolewa nikitoka nyumba ya nabii: baba yangu, Hezekia, ndiye anayeona dhambi ya mtu ilikojificha. Watu walinionea wivu kwa baba huyo. Laiti wangejua.

Watoto wetu walikula sahani moja na kulala chumba kimoja. Misheki alikuwa anawaka moto, na wale wanne wa Maiguru wanarukaruka uani, hata chafya hawana. Mimi niliona. Kijiji kizima kiliona.

Sasa, kwetu ugonjwa wa mtoto hauulizwi umetoka wapi. Anaulizwa mama. Baba yangu alikuja na wazee wawili na wanawake wachache, wakakaa chini uani, nami nikapiga magoti katikati, Eunisi wangu mdogo yuko mgongoni, ana miezi minne tu. Josia alikuwa Mutare na ndoo zake.

"Wa Maiguru wazima," baba alisema. "Wanakula na wako. Wanalala na wako. Kwa nini?"

"Sijui, Baba."

"Kuna kitu umekikalia. Fungua moyo."

Nikafungua. Nikasema nilimsengenya Maiguru kuhusu mapishi yake. Nikasema nilificha sukari. Nikasema kuna usiku nililala bila kusali. Baba alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Hizo dhambi za kitoto," alisema. "Mtoto haungui hivi kwa sababu ya sukari."

Kutoka ndani nilimsikia Misheki akikohoa. Mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda, hata uji ulimshinda kumeza, akawa ananitazama tu kijiko kikikaribia. Hapo nikaelewa wanachokisubiri. Mwanamke kwetu huhesabiwa kuwa na dhambi moja tu ya maana, nyingine zote ni za kupotezea muda. Nikiwapa hiyo, watayabariki maji, mwanangu atakunywa, atapona. Nawaambia ukweli, niliyaamini yale maji. Nimekua nikiyaamini kuliko ninavyoamini kuwa jua ni la moto. Nilidhani Mungu, akiona mama amejipaka tope namna ile, atapita pembeni ya uongo na kumgusa mtoto.

"Nilizini," nikasema.

Baba yangu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Na nani?"

"Tobias."

"Tobias yupi?"

"Mpita njia. Si wa huku."

"Lini?"

Hapo nikakwama. Mwanamke wa nyumba yenye wake wawili, watoto watano na jirani kila upande anazini saa ngapi? Nilikumbuka wakati mmoja tu nilioachwa peke yangu, wote walipokwenda kambini nami tumbo likaniuma nikabaki na mbuzi.

"Paseka ya mwaka jana," nikasema.

Mama mmoja nyuma yangu alivuta pumzi kwa nguvu. Nilidhani ananihurumia. Alikuwa anahesabu miezi, na mgongoni mwangu Eunisi alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nimehesabu vyote, mbuzi, majirani, kila kitu, isipokuwa huyo.

Misheki alipewa maji yaliyobarikiwa. Aliyatapika. Wakaomba mpaka sauti zikawakauka. Kesho yake asubuhi alianza kuvuta pumzi kwa mbavu, na kabla umande haujakauka alikuwa amekufa mikononi mwangu. Kwetu hatupigi mayowe msibani, tunaimba. Nikaimba. Sijui niliimba nini.

Josia aliporudi alizikuta habari mbili zinamsubiri, kaburi na Tobias. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakunipiga. Nilitamani anipige ili nimwambie ukweli nikilia.

"Huyo Tobias," aliuliza mwishoni, "alikuwa anavaa viatu?"

Alitaka kujua kama ni mtu wa kanisa letu au wa nje.

"Alikuwa anavaa," nikasema.

Akatikisa kichwa, akachukua nyundo, akaanza kufua ndoo. Tangu siku hiyo hakuingia chumbani kwangu.

Sabato iliyofuata Maiguru aliitwa mbele. Baba yangu alimwekea mkono kichwani na kusema, huyu ndiye mwanamke mwenye moyo safi, ugonjwa umepita mlangoni kwake ukaona haya kuingia. Wanawake wakaimba. Maiguru alitazama mchanga muda wote, nami nikasema moyoni, tazama unyenyekevu wake, na nikajichukia kwa kila neno baya nililowahi kumsema. Hata kuhusu mapishi.

Nyumba nyingine zilizika pia mwezi ule. Ajabu ni kwamba surua iliruka mistari mizima ya nyumba. Wanawake wa nyumba zilizorukwa walipewa viti vya mbele, na sisi tuliozika tukakaa nyuma, kila mmoja na Tobias wake.

Baridi ikaisha, likaja joto la Oktoba na vumbi lake. Siku moja Maiguru alisema anakwenda mashineni kusaga, akawachukua watoto wake wote wanne. Sikushangaa, alikuwa na desturi hiyo. Jioni tulipoketi kula sadza, ugali wetu, na majani ya maboga, nikaona mkono wa kushoto wa kila mtoto una kitambaa, kimefungwa kwenye kidole cha mwisho.

"Kimewapata nini?" nikauliza.

"Wameungua," Maiguru alisema.

"Wote wanne? Kidole hicho hicho?"

"Sufuria ilikuwa moja."

Mimi si msomi, lakini sufuria ya namna hiyo sijaiona. Baadaye mdogo wao, Yakobo, alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, kitambaa kikachomoka kikaelea. Ukucha wake ulikuwa mweusi wa zambarau, na ngozi kuuzunguka pia. Wino ule naujua. Nimeuona kwenye vidole vya watoto wa nyumba zisizo za kanisa letu, manesi wanapopita kuwachoma sindano: mtoto akishachomwa anapakwa kidoleni asije akachomwa tena. Haufutiki kwa maji wala mchanga.

Nilimshika Yakobo mkono, nikainua kile kidole, nikamtazama mama yake.

"Nendeni mkacheze," Maiguru aliwaambia watoto. Walipotoka alifunga mlango akaubana kwa mgongo wake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu wa kwanza."

"Wote?"

"Wote. Kliniki iko nyuma ya mashine ya kusaga. Sista wa pale anatujua, anawachoma pajani ili kovu lisionekane, wino hapaki. Leo kulikuwa na mwingine kutoka mjini, kalamu mkononi. Kabla sijafungua mdomo ameshawapaka wote wino."

"Anawajua nyinyi kina nani?"

Akanitajia. Walikuwa nusu ya benchi la mbele. Ndipo nikaelewa kwa nini wanawake wa kanisa letu wanapenda sana kusaga.

"Misheki alikula na wako," nikasema. "Sahani moja, Maiguru."

"Najua."

"Ulijua kabla hatujakwenda Paseka."

"Nilijua."

"Na nilipopiga magoti pale uani ulikuwa umesimama mlangoni. Ulisikia wanauliza kwa nini wako hawaumwi. Ulisikia."

"Wewe ni mtoto wa nabii," alisema. "Ningekwambia, ungefanyaje? Ungekimbia kwa baba yako kabla sufuria haijachemka. Usinidanganye, Mama Misheki. Sema."

Nilitaka kumdanganya. Nilitafuta uongo nikaukosa, mimi niliyemtunga mtu mzima na viatu vyake. Ningekimbia kweli. Ningekwenda nikijiona nimeokoa roho yake.

"Kesho ni Sabato," nikasema. "Nitasimama."

"Simama." Akatoka mlangoni, akaketi karibu yangu. "Baba yako ataweka wazee kwenye njia panda ya mashine. Hakuna mwanamke atakayepita tena na mtoto. Wangu mimi wameshachomwa, dada yangu, hakuna wa kuwachomoa. Utaniaibisha, na nimestahili." Kisha akamtazama Eunisi, aliyekuwa anatafuna pindo la nguo yangu. "Huyo wako bado."

Nilimchukia usiku ule, na kuna siku namchukia mpaka leo. Lakini asubuhi sikusimama. Niliimba pamoja na wengine, na siku chache baadaye nikamwambia Josia unga umekwisha.

Njiani kuna kichaka ambamo wanawake wetu wameficha gunia. Ndani yake mna vitambaa vya kichwa vya rangi na ndala za plastiki, ili mtu akiwaona kwa mbali asijue ni wa kanisa gani. Nilipewa kitambaa cha kijani. Sikuwahi kuvaa viatu maishani, nikatembea na zile ndala nikijikwaa kila mara, nao wananicheka.

"Inua mguu, mtoto wa nabii," mmoja akasema. "Huko si kukanyaga matope."

Sista alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufukuza kuku. Alimpima Eunisi, akamgeuzageuza.

"Nyumbani alikuwepo mgonjwa wa surua?"

"Kaka yake."

"Alipona?"

Nikatikisa kichwa. Akaacha alichokuwa anafanya, akavuta kiti.

"Sista," nikasema, "ile surua inaingiaje ndani ya nyumba?"

"Kwa pumzi. Mgonjwa anakohoa, inabaki inaelea chumbani hata yeye akishatoka. Wewe unaingia baadaye unaivuta. Haihitaji kukugusa. Na huwa anaambukiza kabla vipele havijatoka, watu wanasema ni mafua."

"Haiangalii mama yake amefanya nini?"

"Haimjui mama yake, mama."

Kisha nikauliza kwa nini Eunisi hakushikwa. Aliniuliza kama mimi niliwahi kuugua utotoni, nikasema ndiyo, niliugua nikapona, na baba alisema ni kwa maombi yake. Akanieleza kwamba aliyeugua hubaki na kinga mwilini, na mama humgawia mtoto aliyemo tumboni. Lakini ile ya kugawiwa ni ya muda, hupungua mtoto anavyokua, mpaka inakwisha. Kwa kawaida huchoma akifikisha miezi tisa. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa bado unazunguka, angemchoma sasa na nimrudishe akifikisha hiyo tisa.

"Na yule kaka yake?"

"Kwa umri wake angekuwa ameshachomwa mara mbili." Akafungua pakiti ya sindano. "Hata angeugua, mngemleta, kuna matone ya vitamini tunayowapa, kuna..."

Nilimwambia asiniambie zaidi. Akamchoma Eunisi pajani. Mtoto alilia kwa hasira, nami nikalia pamoja naye, kwa mara ya kwanza tangu Misheki afe, kwa sababu kliniki hakuna anayekulazimisha kuimba.

Mvua za Desemba zilileta wageni, na wageni wakaleta surua tena. Safari hii iliwakuta watoto waliozaliwa baada ya Paseka na wale waliosazwa mara ya kwanza. Nyumba ya jirani yetu ilizika. Eunisi alikuwa anatambaa uani, mnene, anakula mchanga, hana hata mafua.

Sabato ile baba yangu aliniita mbele. Nilidhani ni jambo baya. Aliniwekea mkono kichwani, mahali pale pale alipokuwa amemwekea Maiguru.

"Mtazameni binti yangu," alisema, na alikuwa analia, mzee wa watu, analia kwa furaha. "Alifungua moyo. Alitubu uzinzi wake mbele za watu, na ona, mtoto wake amehifadhiwa. Angekuwa amedanganya, mtoto huyu angekuwa hai?"

Wanawake wakaimba. Maiguru alikuwa anaimba, macho mchangani. Nami nilielewa kwamba kila siku ambayo Eunisi anaamka mzima, Tobias anazidi kuwa kweli. Nilikuwa na tumaini dogo, nililokuwa nimelificha hata nisilione vizuri, kwamba siku moja nitamwendea Josia nimwambie hakuna mtu, nilitunga. Lilikufa pale mbele, wakipiga makofi.

Basi Tobias akakua. Akapata mwanya, akapata mifagio. Wanawake wa kisimani waliacha kunong'ona wakawa wanataniana waziwazi, eti mtoto ana nguvu, damu ya nje hiyo, haichezewi. Josia aliyasikia. Mwanamume anayefua ndoo nje husikia kila kitu, watu hudhani nyundo inamziba masikio.

Januari nilimrudisha Eunisi kwa sindano ya pili. Sista aliniomba radhi: kampeni ya chanjo ilikuwa inaendelea, wakubwa wake walikuwa wamesimama nyuma yake, akampaka wino. Nilirudi nyumbani na kitambaa kidoleni mwa mwanangu.

Jioni ile alikuja Tabita, aliyeolewa mwaka juzi nyumba ya tatu, ana mapacha. Alisimama na mimi nyuma ya jiko kama aliyekuja kuomba moto.

"Maiguru ameniambia kesho mnakwenda kusaga," alisema. "Na mimi unga umekwisha."

"Njoo asubuhi," nikamwambia. "Usivae chochote kipya, wasije wakakuuliza unakwenda wapi."

Alipoondoka niligeuka nikamwona Josia amemchukua Eunisi. Tangu Misheki afe hakuwahi kumshika. Alikuwa amemweka gotini, kwenye mwanga wa jioni, anamtazama masikio, upande huu, kisha upande ule. Eunisi alikuwa anachezea ndevu zake na kucheka. Masikio yale ni ya mama yake Josia, mtu yeyote mwenye macho angeona, lakini yeye alikuwa anatafuta ya mtu ambaye hakuwahi kuwa na masikio.

"Wangu alikufa," alisema bila kunitazama. "Wa Tobias hata chafya hapigi."

Jibu lilikuwa kwenye kidole cha mtoto. Nilichohitaji ni kufungua kile kitambaa. Angeuona wino, na Josia si mjinga, angejua kwa nini huyu hapigi chafya, kwa nini wa Maiguru hawakupiga, kwa nini Misheki wetu alikufa. Angejua hakuna Tobias. Angekuwa na binti, na binti angekuwa na baba. Kisha angeinuka aende kwa nabii, maana Josia hawezi kukaa na kitu moyoni, hata ndoto zake huenda kumweleza baba yangu. Na asubuhi Tabita angefika njia panda na mapacha wake akawakuta wazee wamesimama.

Akakishika kile kidole. "Hiki nini?"

"Ameungua," nikasema.

"Na nini?"

"Sufuria."

Alikigeuza kitambaa kidogo kwa kidole gumba chake kilichojaa makovu ya mabati. Nilimwona anakaribia fundo. Kisha akakiacha. Akamwinua Eunisi kwa makwapa, mikono imenyooka, mbali na kifua chake, akanipa.

"Mchukue mwanenu," alisema, akarudi kwenye ndoo zake.